Sikio la Yoezeri

Mume wangu Yoezeri ni kuhani, lakini msinionee wivu. Kuhani wa kijijini ni mkulima wa zeituni ambaye mara mbili kwa mwaka huoga vizuri na kupanda Yerusalemu kwa zamu ya juma moja. Kazi za huko hugawanywa kwa kura, na kura aliyoililia tangu ujanani ni ya kufukiza uvumba. Ukiipata mara moja maishani, unawapisha wengine. Yoezeri aliota mvi bila kuipata. Wajinga wote wa ukoo wake walikuwa wameshafukiza, hata binamu yake Pelatia, ambaye hawezi kuoka mkate bila kuunguza nyusi.

Wakati huo watukufu wetu wawili, ndugu wa tumbo moja, walikuwa wakimwombolezea mama yao malkia kwa mapanga. Mkubwa alikuwa na ufalme na kilemba cha kuhani mkuu. Mdogo, mtu asiye na tamaa, alitaka hivyo viwili tu.

Asubuhi moja kura ikamwangukia Yoezeri. Pelatia anasema alilia kama bibi harusi. Alikuwa na uvumba mkononi, anakwenda kuufukiza, askari wa yule mdogo walipovunja lango la hekalu. Makuhani wenzake, mashujaa wale, wakatoweka. Yeye alikuwa ameungoja uvumba ule maisha yake yote, akabaki.

"Wewe mzee!" akida akamfokea. "Kuhani mkuu ni nani?"

Mwenye akili angetazama upanga kwanza. Wangu akasema kweli. "Nilipoamka alikuwa kaka mtu, bwana. Tangu hapo niko kazini. Labda nyinyi mna habari mpya?"

"Unanichezea?"

"Hata kidogo, bwana. Niache nifukize, nikitoka utaniambia."

Akida akamkata ncha ya sikio, kama mbuzi anavyotiwa alama. Uvumba ukamwagika sakafuni. Ncha tu, lakini kwetu kuhani mwenye kilema, kiwe kidogo namna gani, hafukizi wala hakaribii madhabahu mpaka anazikwa.

Haukupita muda, ndugu wale wakapatana. Wakakumbatiana hekaluni mbele ya watu, mkubwa akamwachia mdogo kiti, watu wakashangilia mpaka sauti zikakauka. Mimi niliwatazama masikio. Yote manne mazima! Wapiganapo fahali wawili nyasi huumia, tunajua. Hatukuambiwa kwamba wakipatana hujilaza juu ya nyasi zile zile.

Mwenye kilema hafukuzwi, hupewa kazi ya kukagua kuni za madhabahu, maana ukuni wenye funza haufai. Zamu ilipofika, Yoezeri akafunga mzigo wake.

"Baba Shimei, unakwenda kuwachambulia funza watu waliokukata?"

"Nakwenda, mke wangu."

"Basi waachie hata mmoja."

"Kuni si zao," akasema, akaondoka.

Nilikuwa na hasira juma zima, hata kuku walinikimbia. Aliporudi, nikamvua joho nikalifue. Lilikuwa likinukia uvumba.

"Kura ilimwangukia mtoto wa Pelatia," akaniambia. "Upepo ukigeuka, moshi unafika mpaka chumba cha kuni."

Nikalitumbukiza joho majini. Akanishika mkono.

"Usilifue leo, mama. Liache kidogo."