Fomu Iliyotaka Jina Langu

Kabla sijafika kwenye fomu, lazima nianze na cheti, maana bila cheti hamtanielewa. Mimi niliishia darasa la tatu, huko kusini. Aliyemaliza la saba ni kaka yangu, akafa kwa homa kabla cheti hakijamfaa kitu. Nilipokuja Dar, enzi za ruksa, maduka ya Kariakoo yanafunguliwa kila kukicha, Mhindi mmoja wa Upanga mwenye duka la karatasi karibu na Msimbazi alitaka mtunza stoo aliyemaliza la saba. Nikampa cheti cha kaka, na jina lake nikalichukua hivyo hivyo. Mwaka wa kwanza nikiitwa sigeuki. Wapagazi wakadhani nina uziwi, wakawa wananipigia kelele sikioni! Baadaye nikazoea. Hata mke niliyemuoa hapa mjini alinijua kwa jina hilo. Kusoma vizuri nilijifunzia humo humo stoo, kwenye maboksi.

Miaka ikaenda, kompyuta zikaingia madukani. Akaja binti mmoja kununua karatasi. Yeye na wenzake walikuwa wanaitia Kiswahili programu ya kuandikia, ile ya bure, ambayo kila mtu anaruhusiwa kuinakili na hata kuifumua aone ilivyoshonwa ndani. Nikachungulia orodha yake ya maneno.

"Shikamoo mzee. Unaonaje?"

"Marahaba. Hapa mmeandika 'okoa kazi yako'. Kwani inazama?"

Alicheka mpaka akakaa juu ya boksi. Nikamwambia aandike hifadhi. Tangu hapo akawa ananiletea orodha, nami nazisahihisha kwa penseli, saa za kazi, juu ya karatasi za bosi. Sijawahi kufurahia kazi kama ile.

Kisha akaja na fomu. Wenye programu, alisema, hawapokei neno mpaka aliyelitoa aweke sahihi kwamba ni kazi yake mwenyewe, ameitoa kwa hiari, na kesho hatakuja kuidai. Jina liwe kamili, la kuzaliwa. Na kama ameajiriwa, mwajiri naye asaini kwamba hana madai.

"Bila hiyo, mzee, inabidi tufute maneno yako yote."

Siku nne nilitembea na ile fomu mfukoni. Niandike jina la kaka? Nilishamchukulia jina, sasa nimwapishe maiti kwa maneno ambayo hakuyatoa? Niandike langu? Bosi ataliona. Nilipomweleza mke wangu, aliniuliza swali moja tu: "Kwa hiyo mimi nimeolewa na nani?"

Nikaandika langu. Herufi zikatoka kama za mtoto, maana tangu darasa la tatu sikuwa nimeliandika.

Bosi aliisoma fomu amesimama kaunta, binti yupo pembeni yangu.

"Huyu nani?"

"Ni mimi, bosi. La kwenye cheti ni la marehemu kaka yangu."

Akavua miwani. "Yaani miaka yote hii kila asubuhi nasalimiana na marehemu?"

Mpagazi mmoja mlangoni akaangua kicheko. Bosi hakucheka. "Mimi nilimwajiri wa kwenye cheti. Huyu simjui." Akachukua kalamu, na kwenye sehemu ya mwajiri akaandika kwamba mtu huyu si mfanyakazi wake na kwamba yeye bosi hana madai naye. Akagonga muhuri.

Binti aliipokea kwa mikono miwili, uso unang'aa. "Imetimia, mzee! Maneno yako yanabaki."

Bosi alikuwa amenyoosha mkono kwangu. Nikadhani ananipongeza, nikaushika. Akauchomoa, akaunyoosha tena. Alitaka funguo za stoo.

Sasa niko Ilala, nauza madaftari kwenye meza. Jina langu limo kwenye orodha ya waliochangia ile programu. Binti alinionyesha siku moja, nikaligusa kwa kidole juu ya kioo. Ila nikikatiza Kariakoo bado wananiita lile la kaka, nami nageuka.