Fundi Kibano na sauti ya mnadi

Saa tatu asubuhi, cherehani ya dada mtu imeshaanza kulia, na kwenye kona ya meza ya kukatia vitambaa mdogo wake ameinamia kifaa kinachoenea kiganjani. Anachomeka kadi nyembamba kwenye tundu la juu. Kioo kinawaka, kinaganda, kinazima. Anaichomoa, anaifuta, anaichomeka tena. Kinaganda tena.

"Kaidi huyu," anasema bila kuinua kichwa. "Lakini mimi ni kaidi zaidi. Muulizeni dada."

Dada hangoji kuulizwa. "Mama alikuwa akisema huyu hata kunyonya alibishana."

Wateja humwita Kibano, kwa ajili ya kile chombo chembamba cha kunyanyulia skrubu kisichotoka mfukoni mwake. Anatengeneza kompyuta za kiganjani, zile za kugusa kwa kalamu ya plastiki, ambazo wakubwa wa maofisini walitamba nazo kabla simu hazijameza kila kitu. Zamani wateja walipanga foleni hadi nje. Siku hizi akipata watano kwa wiki anashukuru. Mwaka juzi kodi ya chumba chake ilimshinda, dada akamgawia nusu ya meza. Analipa kwa kumtengenezea cherehani na, kwa maelezo ya dada, "kwa maneno mengi."

Ugonjwa anaoletewa zaidi ni huuhuu: kifaa kizima, ukikipa kadi ya kumbukumbu kinazimia. Mafundi wengi wana dawa moja tu, kufuta kadi yote ianze upya. Kibano akisikia hivyo hukunja uso kama aliyelamba shubiri.

"Mtoto akikohoa unamtupa, unazaa mwingine?" anauliza.

Kadi anayohangaika nayo leo ni ya mzee aliyekuwa mnadi, mtu aliyeuza makabati, mashamba na mabasi mabovu kwa nguvu ya koo lake. Kisha saratani ikaingia kooni humohumo. Kabla ya upasuaji binti yake alimkalisha chumbani akamrekodi: salamu, "nina kiu," "acheni kelele," majina ya wajukuu, miito ya mnadani, hata kicheko. Sasa mzee anagusa kitufe kwenye kioo, na sauti yake mwenyewe inamjibia. Yote yamo kwenye kadi hiyo moja. Nakala hakuna.

"Kila siku tulisema tutanakili kesho," anasema binti, aliyeketi kwenye benchi na tumbo lake kubwa. "Kitu ukiwa nacho unaona kipo tu."

Kifaa kilipoanza kuganda, fundi wa kwanza alimwambia kadi imekufa, aifute. Binti alimnyang'anya akaondoka. "Niliona ananiambia nimzike baba akiwa hai."

Ndipo walipofika kwa Kibano. Hiyo ilikuwa wiki iliyopita. Alikuta meno ya kadi, vile vibati vya kupitishia umeme, yameota kutu ya kijani, akayasugua kwa spiriti, kifaa kikaamka. Akamwomba mzee asubiri kidogo achukue nakala. Wapi! Mzee aliyekaa bubu siku kadhaa hakutaka kusubiri hata kidogo. Alikivaa kifaa chake shingoni kwa kamba, akaanza kuinadi stuli ya Kibano, na wapita njia wawili wakapandisha bei kweli. Watu walicheka, mzee akaondoka kifua mbele, na nakala ikasahaulika.

Leo wamerudi, na kutu imerudi maradufu.

"Mzee wangu, unaoga nacho?" anauliza Kibano.

Mzee anatikisa kichwa, amenuna.

Kibano anamtazama. Hamtazami usoni, anatazama kitambaa chepesi kinachofunika tundu ambalo madaktari walimwachia shingoni ili apumulie. Kitambaa kinapanda na kushuka. Chini yake, kamba inaning'inia kifuani mahali pale kifaa kinapokaa kutwa, tundu la kadi likiangalia juu.

"Lo!" Kibano anaweka kibano chini. "Mimi nayasingizia maji ya bafuni. Kumbe ni pumzi! Inashuka na unyevu wake, inaingia humu mchana kutwa. Mzee, unakipumulia!"

Mzee anashika shingo yake. Machozi yanamlengalenga, na binti anawahi kumshika mkono.

Kibano anasafisha meno ya kadi moja baada ya jingine. Dada anajitolea kuikausha kwa pasi, anafukuzwa kwa kelele. Kisha kadi inaingizwa kwenye kompyuta kuukuu ya mezani, na kioo kinauliza swali ambalo hakuna anayetaka kulisoma: je, kadi hii ifutwe?

"Ishindwe," Kibano ananong'ona, anabonyeza hapana.

Anaichomoa, anasugua tena, anairudisha. Safari hii majina ya mafaili yanajipanga kwenye kioo. Ananakili kwanza, hafungui hata moja mpaka yaishe. Ndipo anafungua la kwanza, na kicheko kinene cha mnadi kinajaza duka. Cherehani inanyamaza. Binti analia waziwazi, na mzee anacheka bila sauti, mabega yakimruka pamoja na kicheko chake cha zamani.

Mchana dada ameshashona mfuko wenye mfuniko, wa kuvaliwa kiunoni, mbali na pumzi. Lakini mzee hanyanyuki. Anaandika kwa kalamu ya plastiki, anamgeuzia Kibano kioo: "Jina la mke wangu halimo."

Mkewe alifariki kabla ya siku ile ya kurekodi, na hakuna aliyewaza kwamba jina lake lingehitajika tena. Mtoto aliye tumboni mwa binti ni wa kike, naye atarithi jina hilo. Mzee anataka kumwita mjukuu wake kwa sauti yake mwenyewe. Familia imeomba jina lisiandikwe humu gazetini kabla mtoto hajaliitikia.

Kibano amekubali. Anasema dada yake hutoa mto kwenye vipande vya vitambaa, basi naye atatoa jina kwenye vipande vya maneno. Mwanzo wa jina ameshaupata kwenye salamu za asubuhi. Mwisho wake ameukata kwenye jina la mjukuu mwingine.

"Imebaki silabi ya katikati," anasema, akivaa spika za masikioni. "Mzee wetu alikuwa anaongea sana. Lazima imo."