Meno ya Juu ya Atupele

Nilipokuwa mtoto, kwetu Mbozi, nilikatazwa kumchekesha mdogo wangu. Sio kumpiga wala kumfinya, maana hayo yanaeleweka. Kumchekesha! Na mimi Mungu alinijalia kipaji kimoja tu cha maana, kulia kama mbuzi, na Atupele akinisikia alikuwa anacheka mpaka anapata kwikwi.

Mama aliniita nyuma ya nyumba akanionyesha sababu. Alimfunua mtoto mdomo kwa kidole. Ufizi wa chini ulikuwa mtupu, wa juu umeshatoa meno mawili. "Umeyaona? Sasa hujayaona," akasema. Mtoto anayeanza meno ya juu anaitwa kigego, na kigego, wazee walisema, ni mkosi wa ukoo. Akimng'ata mtu, mtu huyo hamalizi mwaka. Baba alikuwa machimboni Mkwajuni, kwa hiyo siri tulibaki nayo wawili. Kila mgeni akibisha hodi mama anamfunika mtoto kanga usoni, anasema ana mafua. Mafua gani hayo ya mwezi mzima, jamani!

Tuliponzwa na kuku. Ulikuwa msimu wa kuchuma kahawa, na baba mkubwa, kaka yake baba, alikuja kula kwetu pamoja na bibi. Jogoo akaruka akadonoa tonge mkononi mwa baba mkubwa. Atupele aliangua kicheko, mdomo wazi, na yale meno yakaonekana kama punje mbili za mahindi. Baba mkubwa akanawa mikono kabla hajashiba.

"Shemeji, kumbe ulikuwa unatuficha?" akamwambia mama. "Basi Jumamosi anapelekwa Kamsamba. Kuna wazee kule wanajua la kufanya."

Nilikuwa darasa la tatu tu, lakini nilijua kwamba waliopelekwa hawakurudi. Nikamtazama bibi nikitegemea atasema neno, maana baba mkubwa ni mwanawe wa kumzaa. Bibi akawa anakusanya vyombo. "Mila sikuianzisha mimi," akasema. Siku ile nilimchukia, nasema kweli.

Asubuhi yake mama alimbeba Atupele mgongoni, akanishika mkono, tukateremka hadi zahanati. Mama ni mtu wa kuitikia "ndiyo" kwa kila mtu, lakini siku hiyo alimweleza mhudumu wa afya wa jamii, yule mama aliyekuwa anapita majumbani kupima watoto, jambo lote bila kumeza mate. Mhudumu alimchungulia mtoto mdomoni akacheka. "Haya ni meno tu, dada. Wengine wanaanza chini, wengine juu." Aliposikia habari ya Kamsamba akaacha kucheka, akampigia simu afisa ustawi wa jamii.

Afisa alikuja Ijumaa kwa pikipiki, pamoja na mwenyekiti wa kijiji. Alikuwa binti mdogo, viatu vimejaa tope. Nilikata tamaa nilipomwona. Nilitarajia mtu mwenye kitambi.

Tulikaa uani na baba mkubwa, bibi na majirani, pembeni ya kahawa iliyoanikwa. Binti alisema mtoto ana haki ya kuishi na kulelewa na wazazi wake, na atakayemwondoa atajibu mahakamani. Baba mkubwa alisikiliza kwa adabu, halafu akauliza, "Mwanangu, tukianza kufa humu ndani, hiyo sheria yako italeta jeneza?"

Watu wakaguna. Mama akakaza mbeleko. Binti akamgeukia bibi.

"Bibi, wewe umeona mengi. Kigego gani unayemjua wewe, aliyekua akaua watu?"

Bibi akafikiri. Akafikiri kweli. "Hakuna."

"Kwa nini hakuna?"

"Hawakuachwa wakue."

Bibi akamtazama baba mkubwa. "Aliyekutangulia wewe hukumjua. Mtoto wangu wa kwanza. Alikuwa hivihivi, nikakubali wakamchukua ili wakwe zangu wasife. Na walikufa mwaka uleule, wote wawili." Akajifuta macho kwa kanga, akanyanyuka, akamtoa Atupele mgongoni kwa mama, akamtia kidole mdomoni.

"Ning'ate, mjukuu wangu. Waone."

Mama alipiga kelele. Atupele, ambaye ufizi ulikuwa unamwasha siku zote hizo, aling'ata kwa moyo wake wote.

"Yesu wangu, yana makali!" bibi akalia, kisha akaanza kucheka huku machozi yanamtoka. "Haya, ningojeeni nife. Lakini huyu haendi Kamsamba wala popote." Mwenyekiti akapiga makofi kama yuko mpirani. Mimi nikalia kama mbuzi kwa sauti yangu yote, na safari hii hakuna aliyeninyamazisha.

Baba mkubwa alingoja kweli. Mwaka mzima alikuwa anapita asubuhi kumjulia hali mama yake, na bibi anamjibu kutoka ndani, "Bado sijafa, pita ule kiporo." Mwaka ulipoisha alikuja na mbeleko mpya, akamkabidhi mama kwa mikono miwili, akamwomba msamaha.

Siku hizi nauza mchele Tunduma, na Atupele anakaa na mimi Chapwa, yuko kidato cha pili. Mvivu wa vyombo, weee! Jana nimemkuta amelala, masufuria yamelowekwa tangu mchana, nikamfokea mpaka jirani akachungulia. Katikati ya kufoka nikakumbuka Kamsamba. Watu wakitaja haki za mtoto mimi siwazi maandamano na fulana. Nawaza kwamba huyu yupo, anaudhi, na anagombezwa kwa jina lake kama watoto wa watu wote. Moyo ulinijaa, lakini sikumwambia. Nilimwambia aamke aoshe vyombo. Akaamka amenuna, akaosha nusu.