Tope la Alhamisi Kuu

Siku hizi wanahubiri kwamba Alhamisi Kuu ni siku ya upendo, kwamba Yesu aliosha miguu ya mitume ili tujifunze kunyenyekea. Sibishi. Ila kwangu mimi siku hiyo ina utamu mwingine kabisa, na sijautubia hadi leo.

Ilikuwa Usevya, miaka ya tisini, mvua zikielekea mwisho. Ng'ombe wa mwenyekiti wa kigango chetu cha kanisa waliingia kwenye majaruba ya mama yangu, mjane, wakala mpunga uliokuwa umeanza kutoa masuke. Kwenye kikao cha kijiji mzee yule aliapa kwamba ng'ombe wake walilala zizini, akamwita mama mwongo. Watu wakamwamini, maana ndiye aliyekuwa akituongozea rozari. Tangu hapo mama akahamia benchi la nyuma kanisani. Hilo liliniuma kuliko mpunga.

Jumapili ya Matawi padri akatangaza kwamba magoti yanamsumbua, hivyo mwaka huo mwenyekiti ndiye angeosha miguu ya watu kumi na wawili. Jumuiya yetu ikanitoa mimi. Nilifurahi, furaha mbaya.

Kwetu, mtu akichaguliwa kuoshwa miguu hujisugua kwanza nyumbani kwa jiwe na sabuni, asije akaumbuka. Wanaofika mbele ya beseni huwa wametakata tayari. Mama alinichemshia maji. Nikayaacha pale pale, nikapitia shambani, nikalikanyaga jaruba lile mpaka tope likanifika magotini, kisha nikakunjua suruali na kuvaa viatu.

Zamu yangu ilipofika, nikavivua na kukunja suruali. Watu wakaguna. Mzee akapiga magoti, akanimiminia maji, na beseni likawa jeusi.

"We kijana, hukuoga?" akaninong'oneza.

"Hilo tope la jaruba la mama, mzee. Unalijua."

Akasugua. "Nalijua," akasema chini kwa chini.

"Sema kwa sauti. Mama yuko kule nyuma, hasikii."

Padri alikuwa amesimama na taulo, anasubiri. Mimi sikuutoa mguu. Mzee akalitazama beseni, akawatazama watu, kisha akasema kwa sauti, "Ng'ombe walikuwa wangu. Yule mama hakusema uongo."

Kanisa zima likageuka kumtazama mama. Nikamnyooshea mzee mguu wa pili, uliokuwa na tope zaidi.