Sekunde Kumi za Mama

Kaka yangu alipohamia Nairobi aliniachia mtambo wake wa gemu pamoja na ubishi wetu wa miaka: je, mambo ya watu wazima huifanya gemu iwe bora? Yeye alisema ni damu na mambo ya kitandani ya kuuzia gemu tu. Mimi nilishikilia kwamba bila ubaya wa kweli, uamuzi unaofanya humo hauna uzito. Mama hakubishana. Alisema uchafu huo utoke nyumbani kwake kabla ya Jumatatu.

Nina kichwa kigumu. Jumapili tulipotoka kanisani nilimketisha sebuleni, nikitaka akiri kwa kinywa chake kwamba si uchafu.

Nilifungua sura ya gemu ninayoipenda kuliko zote. Wewe ni mama mwenye nyumba, umemficha jirani ghalani, na watu wenye silaha wanabisha mlangoni. Wanauliza yuko wapi. Una majibu matatu na sekunde kumi.

"Chagua, Mama," nikasema, nikimpa padi ya kuchezea. "Hapa unawadanganya, hapa unapigana, hapa unamtoa kwao."

Hakubonyeza kitu. Aliukazia macho ule mlango wa kwenye skrini, nikaanza kuogopa. Mwaka ule wa vita vya uchaguzi nilikuwa na miaka minne. Tulikuwa na jirani, mwanamke aliyekuwa akinibeba mgongoni Mama akienda kufundisha. Nyumbani ilisemwa kwamba alirudi kwao, nami hadi Jumapili hiyo nilikuwa na kinyongo naye kwa kutoniaga.

"Mama, sekunde zinaisha!"

Zikaisha. Wale watu wakaingia, wakaenda moja kwa moja ghalani. Katika gemu ile, kunyamaza kunahesabiwa kuwa umemtoa. Nilizima sauti haraka, lakini picha ziliendelea.

"Tulikuwa tunakunywa chai na jirani yetu walipofika gate," Mama akasema, macho kwenye skrini. "Akakimbilia stoo ya mahindi. Mimi nikabaki hapo na kikombe yake. Ningemwaga. Lakini chai ya mgeni, unaimwaga aje? Wakaingia wakaona vikombe mbili. Wakaniuliza, unakunywa na nani?"

"Ukasema nini?"

"Wewe ulikuwa umeshika sketi yangu."

"Mama, ulisema nini?"

"Sikusema kitu."

Nilikaa chini sakafuni. Nilikuwa nimeshinda ubishi wote wa kaka yangu, na sijawahi kujichukia vile. Nilitaka kumkumbatia, nilitaka pia kumpigia kelele. Nilinyoosha mkono kuchomoa waya ukutani.

"Wacha," akasema. Alipangusa viganja kwa leso yake, akaishika padi upya kwa mikono miwili.

"Rudisha nyuma, wakiwa bado mlangoni. Na unionyeshe tena ni wapi nabonyeza kuwadanganya."