Feni ya betri kwenye baridi ya ziwani

"Hakuna anayeshuka kabla ya chai," ametutangazia asubuhi hii Bi Zuhura, mwenye kambi mpya ya ziwani, juu ya vilima vya Kilwa.

Sisi ndio wageni wake wa kwanza. Tukiondoka tunatetemeka, habari itafika mjini kabla yetu.

Sisi watu wa Rasbura, kule pwani, tumezoea joto. Tumebeba feni ya betri. Sweta, hakuna!

Mvua ya alfajiri ilikuwa imelowesha kuni. Binamu yangu Salum akaanza kukunja hema.

"Shikamoo, mama. Sisi tunashuka."

"Marahaba. Usisahau feni yako."

Kisha Bi Zuhura akamwaga maganda ya korosho jikoni, akayawasha. Mafuta ya maganda hayo yakawaka mpaka kuni mbichi zikakubali.

"Kaeni mbali na moshi, unawasha macho na ngozi."

Kufikia kikombe cha pili cha chai, Salum akalisimamisha hema upya.

Tumeshaweka nafasi ya Idi hapahapa kambini. Nani ana sweta la kuazima?