Maji ya Injini

Bibi yangu aliyenilea mtaa wa Isevya hakuamini dawa nyingine ya usingizi zaidi ya maji ya moto. Uoge jioni, ujikaushe vizuri, uvae nguo safi, uingie kitandani mwili ungali na joto. Ukigaagaa usiku, asubuhi alikuuliza swali moja tu: jana ulioga maji gani? Nilipoolewa na fayamani wa reli, mtu wa kutunza moto wa injini ya mvuke, nilihamia kota za reli na imani hiyo. Mume wangu aliipokea bila ubishi. Alikuwa akirudi na masizi na mafuta mpaka ndani ya masikio, na bila maji ya moto masizi hayakutoka na yeye hakulala.

Kota hatukuchoma mkaa kwa ajili ya kuoga. Mkaa ulikuwa wa ugali. Maji ya kuoga tuliyafuata kwenye injini. Jioni zikirudi karakana, wanawake tulipanga ndoo zetu, na fayamani mwenye roho nzuri akatufungulia bomba. Maji yalitoka yakifuka moshi na kunuka chuma. Jambo hilo lilikatazwa, na wakubwa waliolikataza walioga maji hayohayo.

Mimi na jirani yangu wa ukuta mmoja tulipeana zamu. Leo naenda mimi kwa nyumba zote mbili, kesho anakwenda yeye, debe lake kichwani na ndoo yangu mkononi. Ndoo yangu ilijulikana kota nzima. Kishikio chake kilikatika, mume wangu akaweka waya mnene na kuuzungushia mpira wa ndani wa baiskeli ili usinikate vidole. Jirani alinicheka: "Shoga, wewe umeolewa. Sisi wengine tumewekwa tu."

Siku aliyokufa jirani yangu, ilikuwa zamu yake. Alikuwa akivuka reli kurudi kota, na pembeni injini moja ilikuwa ikitoa mvuke kwa kelele ile inayoziba masikio. Nyuma yake injini nyingine ilikuwa ikirudi kinyumenyume, ikisukuma mabehewa matupu. Hakuisikia. Dereva hakumwona, na fayamani alikuwa ameinamia moto wake. Fayamani huyo alikuwa mume wangu.

Niliposikia vilio nilitoka nje, nikaambiwa ni nani na ni injini ipi. Nasema ukweli: baada ya kumlilia yule dada nilichofikiria ni ndoo. Alikuwa amebeba maji ya kumwogesha mume wangu, akauawa na injini ya mume wangu. Niliapa asilijue hilo. Aliporudi nikamwambia, kabla hajauliza, kwamba ndoo yetu inavuja na nimeipeleka kwa fundi bati. Akasema, "Sawa," akakaa chini na nguo zake za kazi.

Hakulala siku ile, wala zilizofuata. Alijinyoosha kitandani macho yakiwa darini, na alfajiri akaenda kazini vilevile. Dereva wake alikuja kwangu mwenyewe kunionya. Fayamani ndiye anayeangalia maji ya boila. Akisinzia yakapungua, injini inaweza kuwapasukia. Alimkuta mara mbili amesimama amesinzia. "Shemeji, mlaze huyu mtu," aliniambia. "La sivyo tutakufa naye."

Basi nikaamua atalala. Maji ya injini yalikuwa yameisha, kwa sababu waliweka mlinzi karakana, baada ya mtu kufa, kama kawaida yao. Miaka ile ya foleni kila kitu kilitafutwa: sabuni ukiisikia iko duka la ushirika unakimbia, mkaa ukiuona unanunua kabla hujauliza bei. Nikaacha kupika mchana ili mkaa ubaki wa maji ya jioni. Watoto walikula viporo vya baridi. Majirani waliponiambia mume wangu anasumbuliwa na mzimu wa marehemu, nikawajibu waniletee mkaa, mzimu waniachie mimi.

Kila jioni nilimwekea bafuni ndoo mpya iliyojaa. Aliingia, akafunga mlango wa bati, nikasikia maji. Akatoka, tukala, na usingizi hakuupata. Niliongeza moto, nikatia majani ya mwarobaini, nikamlaumu bibi yangu kaburini.

Jioni moja nilikuwa nachagua mchele karibu na bafu, mikono ina kazi na masikio hayana. Maji yanayomwagikia mtu yana sauti yake. Yanakatikakatika, yanachuruzika, mtu anapenga kamasi, anajisugua, anajipiga mgongo. Haya niliyoyasikia yalianguka sakafuni kwa mkupuo mmoja. Kata baada ya kata, na kati yake kimya cha kutosha mtu kujipaka sabuni. Alikuwa akiyamwaga, na akiyamwaga kwa utaratibu ili nisijue.

Alipotoka nilimtazama masikio. Masizi yalikuwamo.

"Baba, maji yangu unayamwaga," nikamwambia.

Alikaa kwenye kizingiti. "Yananishinda."

"Yanakushinda nini?"

"Ule mpira wa ndoo niliufunga mimi. Niliuona kabla sijamwona yeye." Kisha akasema, bila ukali wowote, "Na wewe ukaniambia ndoo iko kwa fundi."

Tangu siku ile hatukudanganyana tena. Alioga maji ya baridi bombani kazini, akarudi akitetemeka. Hatimaye wakamtoa kwenye injini, wakampa ufagio kwenye ghala la mizigo, naye hakulalamika. Alisinzia kitini kama kuku, akashtuka, akasinzia tena. Aliishi hivyo mpaka akazeeka.

Mimi niliendelea kuoga maji ya moto. Nilikuwa nalala fofofo pembeni yake na yeye yuko macho, na jambo hilo linanitia hasira kuliko yote. Bibi alisema kweli. Maji yanafaa. Yalinifaa mimi.

Alifariki mchana, msimu wa mvua. Wazee wa msikitini waliokuja kumwosha walisimama mlangoni wakaniambia, "Mama, tutahitaji maji ya vuguvugu." Binti yangu akainuka, nikamkalisha. Nilichochea moto mwenyewe, nikayajaribu kwa kiwiko kama ya mtoto mchanga, nikawapa ndoo. Kisha nikakaa nje ya pazia. Walipoanza kumwaga nikatega sikio. Safari hii yalikuwa yakimwagikia mtu.